Mashavu Yetu Hayawi Mekundu

Ukikaa nusu saa kwenye kijiwe cha bodaboda, iwe stendi ya Misuna, iwe Manyoni mjini, iwe Kiomboi, hukosi kusikia habari ya mwenzao aliyeanguka akavunjika taya, akapelekwa mbali, akarudi na chuma usoni. Chuma chenyewe hukioni. Ni kibati cha titani, unene wake milimita 1 hivi, kina matundu, kimekazwa kwa skrubu juu ya mfupa, kikafunikwa na nyama na ngozi. Wapo pia waliowekewa kirefu zaidi, kuanzia karibu na sikio hadi kidevuni. Hao walikuwa na uvimbe wa taya uitwao ameloblastoma, daktari akalazimika kukata kipande cha mfupa na kuliziba pengo kwa chuma. Leo nazungumza na watu hao, na zaidi na wale wanaowapokea wakirudi nyumbani: mke, mama mzazi, nesi wa zahanati, tabibu wa meno wa wilaya. Swali langu ni moja. Shavu lililo juu ya chuma likifura, utajuaje kama ni kufura kwa kupona au kufura kwa kuharibika?

Tuseme kijana ameanguka na pikipiki pale Puma, barabara ya Dodoma. Kofia alikuwa nayo, ila ni zile za wazi mbele, zinazolinda fuvu na kuliacha taya lipambane lenyewe na lami. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilizoiruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, taya la chini limekuwa mgeni wa kila siku katika wodi za upasuaji. Zamani dawa ilikuwa waya tu: meno ya juu yanafungwa na ya chini, mgonjwa anakaa wiki 4 hadi 6 akinywa uji kwa mrija. Waya bado upo, na bado unaponya wengi. Lakini pale mfupa unapokuwa umevunjika vibaya, au sehemu mbili, chuma ndicho kinachofaa, na kikikaa vizuri mgonjwa anaweza kufungua kinywa mapema na kurudia ugali laini na mlenda wake.

Titani ilichaguliwa kwa sababu mwili hauigombezi sana. Mswidi Per-Ingvar Brånemark aliligundua hilo katika miaka ya 1950 alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura: vifaa vya titani alivyoviweka vilikuwa vimeshikana na mfupa hata havitoki. Mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza mizizi ya meno bandia ya titani. Katika miaka ya 1970 Wafaransa, hasa Maxime Champy na wenzake wa Strasbourg, wakaonyesha kwamba taya halihitaji bamba zito. Kibati kidogo kikiwekwa mahali sahihi kinatosha. Hapa kwetu Tanzania madaktari wa meno walianza kufundishwa nchini mwaka 1979, Muhimbili, na mpaka leo kesi nzito za taya kutoka mikoa ya kati hupanda basi kuelekea Dodoma au huko huko Dar es Salaam.

Na hapo ndipo ugumu unapoanza. Daktari aliyekaza zile skrubu yuko Dar es Salaam, kilomita 700 hivi kutoka Singida mjini. Treni ya SGR imefika Dodoma tangu 2024, ni kweli, lakini kutoka kwetu hadi Dodoma ni basi bado, kilomita zaidi ya 200, na mwenye taya bovu hatakwenda kila shavu linapomtia wasiwasi. Atakwenda kituo cha afya cha kata. Pale atamkuta mhudumu aliyesoma, mwenye nia njema, ambaye atalitazama shavu na kuandika kwenye daftari: hakuna wekundu. Mgonjwa anarudi nyumbani ameridhika, na usaha unaendelea kujikusanya.

Wekundu huu tumeurithi mbali. Karibu miaka 2000 iliyopita Mrumi aitwaye Celsus alizitaja dalili nne za mwili unaopambana na jeraha: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Katika karne ya 19 Mjerumani Rudolf Virchow akaongeza ya tano, kiungo kushindwa kufanya kazi yake. Orodha hiyo imedumu kwa sababu ni nzuri. Hata vigezo vya CDC ya Marekani, ambavyo hospitali nyingi duniani huvitumia kuhesabu maambukizi ya vidonda vya upasuaji, vinautaja wekundu pamoja na maumivu, uvimbe na joto. Simlaumu Celsus. Alitazama mashavu yaliyokuwa mbele yake. Nashangaa sisi, wenye ngozi hizi za Kinyaturu na Kinyiramba na Kitaturu, tunaponakili dalili ya kwanza ya orodha na kuifanya mlinzi wa mlango: kama haipo, zile nyingine hazipimwi.

Ngozi nyeusi inapowaka chini haiwi nyekundu. Damu nyingi imekuja, hilo halina tofauti kati ya Mzungu na Mnyaturu, lakini inapita chini ya rangi nzito. Unachokiona ni weusi unaozidi kuiva, pengine wenye zambarau, na ngozi inayong'aa kwa sababu imevutwa. Mikunjo midogo ya kawaida inapotea. Matundu ya vinyweleo yanaonekana wazi kuliko ya upande wa pili. Inabidi mgonjwa asimame mlangoni mchana, mwanga umpige kwa ubavu, si kwenye chumba chenye taa moja ya njano. Kisha kuna mtego wa kinyume: ngozi yetu ikishapona huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Mtu anaambiwa bado anaumwa, anaongezewa dawa, kumbe ni rangi tu iliyobaki.

Jambo hili si la taya peke yake. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni kilikosea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe, kikisema hewa inatosha kumbe haitoshi. Mwaka huo huo Malone Mukwende, kijana mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa akisomea udaktari chuo cha St George's, London, akishirikiana na walimu wake alitoa kitabu cha picha kiitwacho Mind the Gap, kinachoonyesha dalili za magonjwa zinavyojitokeza kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia. Kilipokelewa kwa mshangao huko Uingereza. Mimi nilishangaa zaidi kwamba hakikuandikwa huku, ambako wagonjwa karibu wote wana ngozi hiyo.

Haya, tuache macho kidogo, tutumie mkono. Weka mgongo wa kiganja chako, si vidole, kwenye shavu zima kwanza, kisha upande wa chuma, kisha rudi. Tofauti ya joto utaihisi. Lakini muulize mgonjwa ametoka wapi. Kama ametembea juani kutoka Mungaa, au alikuwa jikoni akichochea moto, mkalishe kivulini kwanza. Na muulize, kwa upole, kama amekandwa. Nyumba nyingi, kiungo kikivimba, bibi hachelewi na kitambaa cha maji ya moto. Anafanya kwa mapenzi. Ila shavu lililokandwa asubuhi litakuwa la moto mchana, na uvimbe utakuwa umeongezeka, nawe utaandika mambo yasiyo ya chuma wala ya vijidudu. Kuchanja chale ndilo jambo baya zaidi, maana unafungua mlango mpya moja kwa moja kuelekea kwenye skrubu.

Baada ya mkono, futi. Nasema ile futi laini ya fundi cherehani, ya shilingi chache. Watafiti wa upasuaji wa kinywa huitumia hivi: wanapima kutoka kwenye kile kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio hadi pembe ya mdomo, na kutoka pembe ya nje ya jicho hadi pembe ya taya. Vipimo hivyo viwili, upande huu na upande ule, kinywa kimefungwa, vinatosha. Tuseme wiki ya kwanza umepata sentimita 12.4, wiki ya pili 11.8, wiki ya tatu 11.5. Huyo anapona, hata kama jirani anasema bado sura imeharibika. Wiki ya nne ukikuta 12.1, usingoje wekundu.

Mwendo ndio unaosema ukweli kuliko kipimo cha siku moja. Kila aliyepasuliwa uso huvimba. Uvimbe hupanda na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka, na kwa wiki moja au mbili sehemu kubwa imekwisha. Ni kazi ya mwili, na bila hiyo mfupa usingeunga. Uvimbe wa kuogopwa ni ule ulioshuka ukapanda tena, au ule uliokataa kushuka. Unaweza kuja wiki ya tatu. Unaweza kuja baada ya mwaka, mtu amekwishasahau kwamba ana chuma, na daktari mpya haulizi. Mwenye chuma ajitaje mwenyewe.

Na maumivu? Hapa pana hila ambayo wengi hawaijui. Ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu unaohudumia mdomo wa chini na kidevu. Taya likivunjika, mshipa huo mara nyingi huumia, na mdomo wa chini unakufa ganzi, wiki kadhaa au miezi. Ndiyo maana unamwona mtu chai ya moto inamwunguza naye hana habari. Mtu wa namna hiyo ukimwuliza kama panauma atasema hapana, na anasema kweli. Kwake yeye, ukimya wa maumivu hauthibitishi chochote. Muulize ladha badala yake: asubuhi akiamka, mdomoni kuna chumvi, kuna uchungu, kuna kitu kibovu? Usaha wa taya mara nyingi hutokea ndani ya kinywa kabla ya kutokea nje, humezwa usiku, na wa kwanza kujua si mgonjwa bali mkewe anayesikia harufu.

Kwa hiyo mfungulie kinywa. Ndani ya shavu na ndani ya mdomo hata sisi ni waridi, na huko wekundu wa Celsus unaonekana bila shida. Fizi ndizo za kuangalia kwa makini, kwa sababu wengi wetu tuna madoa meusi ya asili kwenye fizi. Linganisha upande na upande. Tafuta kijitundu kinachotoa tone ukibonyeza. Tafuta mahali ambapo fizi imeachia na chuma kinachungulia. Ukiona kijivu kidogo cha rangi ya risasi karibu na kibati, hiyo peke yake si maambukizi. Chembe ndogo za titani huweza kuitia nyama rangi. Na tafadhali, mhudumu mgeni katika mkoa wetu, meno ya kahawia usiyaite uchafu. Maji ya visima vyetu vingi yana floraidi nyingi, na mtoto aliyeyanywa meno yake yakiumbika atakuwa na rangi hiyo hata apige mswaki mara tano kwa siku. Nimewahi kumsikia mtu mzima akikaripiwa kwa jambo hilo mbele za watu. Hakurudi kliniki.

Kisha ile dalili ya tano. Kinywa cha mtu mzima hufunguka milimita 40 hivi, au vidole vyake mwenyewe vitatu vikisimama kati ya meno ya juu na ya chini. Aliyetoka kupasuliwa ataanza na kidole kimoja na nusu, na kila wiki ataongeza kidogo. Akirudi nyuma, misuli ya kutafuna inakataa, na misuli haikatai bure. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala kitendanishi.

Hospitali zinaweza kuongeza yao. Ultrasaundi inaweza kuonyesha kama chini ya ule ugumu kuna maji yanayopaswa kutolewa. Picha ya eksirei ikionyesha duara jeusi kuzunguka skrubu, ujue skrubu imelegea, na skrubu inayocheza ndiyo chanzo cha balaa nyingi. Kipimo cha damu kiitwacho CRP hupanda kwa kila aliyepasuliwa, kilele chake ni siku ya pili au ya tatu. Ukikipima siku hiyo kitakutisha bure. Kipime baadaye, na ukipime tena, uone kinashuka au kinapanda. Lakini naomba nisieleweke kwamba mashine kwanza. Nimeona karatasi za vipimo vya gharama zimebandikwa kwenye faili ambalo hakuna mstari hata mmoja unaosema mgonjwa anafungua kinywa kiasi gani.

Sasa tuingie dukani. Shavu likifura, kijana hupita duka la dawa akanunua antibiotiki ziitwazo rangi mbili, vidonge kumi, akameza vinne mpaka akapata nafuu, akaacha. Nafuu hiyo ndiyo inayodanganya. Mwaka 1987 daktari wa mifupa wa Marekani, Anthony Gristina, alieleza kwamba chuma kikiingia mwilini huanza mbio: chembe hai za mwili zinakimbilia kukifunika, na bakteria nao wanakimbilia kukifunika. Bakteria wakitangulia hujenga utando unaonata juu ya chuma, wakajificha chini yake. Dawa inawaua walio nje, kwenye nyama, ndiyo maana uvimbe unapungua. Waliomo ndani ya utando wanabaki, na baada ya wiki mbili shavu limerudi pale pale, safari hii na vijidudu vilivyoizoea dawa. Mwenye kisukari, mvutaji sigara na mwenye lishe duni wako katika hatari zaidi.

Watu huogopa kurudi hospitali wakidhani chuma kitang'olewa siku hiyo hiyo na taya lifunguke upya. Si lazima. Kama skrubu zimeshika na mfupa haujaunga, daktari anaweza kutoa usaha, kusafisha, kutoa dawa inayofaa, na kukiacha kibati kimalize kazi. Kama mfupa umeshaunga, kibati kinatolewa na maambukizi kwa kawaida huisha nacho, hakihitajiki tena. Kama kimelegea na mfupa bado, hapo ndipo kuna kazi kubwa, ya kuweka kingine imara zaidi au kurudi kwenye waya. Kwa waliowekewa bamba refu baada ya kuondolewa uvimbe, hesabu ni tofauti: bamba lao linabeba uzito miaka, na kama mfupa wa kupandikiza haukuwekwa, linaweza kuilalia ngozi kwa ndani mpaka litokeze. Ngozi ikianza kuwa nyembamba na kung'aa mahali pamoja juu ya bamba, aende kabla halijatoboa.

Na kuna hali moja isiyo ya kungoja asubuhi. Uvimbe ukiwa chini ya kidevu pande zote mbili, mgumu, ulimi umeinuka, mate yanadondoka kwa sababu hayamezeki, sauti imebadilika kama ya mtu mwenye kitu kinywani: huyo njia yake ya hewa inafunga. Asilazwe chali. Atafutiwe gari usiku huo huo, aende hospitali iliyo karibu, iwe ya Rufaa ya Mkoa, Makiungu, Mtakatifu Gaspar Itigi, Kiomboi au Iambi, na kwa walio mpakani kabisa upande wa Mbulu, Haydom. Usimpe chochote cha kunywa.

Madaktari wetu wa Dodoma na Muhimbili nawaomba jambo moja lisilo na gharama. Mnapomruhusu mgonjwa wa Singida, andikeni kwenye karatasi yake: futi upande wa kulia ngapi, wa kushoto ngapi, kinywa kinafunguka milimita ngapi, mdomo una ganzi au hauna, chuma kipo wapi na kina skrubu ngapi. Mwenzenu wa Mkalama atakuwa na pa kuanzia. Nanyi waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya, sehemu ya kuandika rangi ya ngozi iacheni iwe ya mwisho, si ya kwanza.

Nawe kijana wa kijiweni mwenye chuma tayani, usingoje pavimbe. Wiki hii, ukiwa mzima, nunua futi, mwombe mtu akupime pande zote mbili, andika namba hizo na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako la kliniki. Na ukinunua kofia nyingine, nunua inayofunika taya.